POSTA NI YA WOTE, WA MBALI ASIACHWE

Wahenga walisema: Waraka ni nusu ya kuonana. Walisema hivyo zamani, wakati mtu aliyekwenda kukata mkonge Tanga au kupakua mizigo bandarini Dar es Salaam hakuwa na njia nyingine ya kuwaambia wazee wake kwamba yu mzima. Siku hizi twasikia maneno mengine. Twasikia, katika mikutano na katika maongezi ya watu waliosoma, kwamba waraka umekwisha kazi yake. Petroli imepanda, matairi yamepanda, karatasi imepanda, na barua zimepungua. Kwa hiyo, wanasema, Posta nayo ibadilike: ifunge ofisi zisizoleta faida, iache njia za mbali, na anayeishi mbali alipe zaidi au asipelekewe kabisa.

Sisi twasema: hapana. Lakini hatusemi hapana kama mtoto anayekataa dawa. Tunazo sababu, na twawaomba wanachama wenzetu wazisome mpaka mwisho kabla hawajatuambia kwamba tumelala usingizi.

Kwanza tukubali lililo kweli. Barua zimepungua. Kijana wa leo akitaka kumsalimu mama yake hanunui stempu, huchukua simu. Gharama nazo zimepanda, maana gari la Posta hunywa mafuta yale yale yanywayo na magari mengine. Mtu akikana mambo haya, hata sisi hatutamsikiliza. Lakini zikiisha kupanda, kitu gani kibadilike? Hapo ndipo penye ugomvi. Kuna kubadili njia ya kupeleka barua, na kuna kubadili ahadi kwamba kila raia atapelekewa. La kwanza ni kazi ya meneja na vitabu vyake. La pili ni jambo la taifa zima, na meneja peke yake hana haki ya kuliamua.

TWENDE ULAYA

Wapenda faida hupenda sana kutuonyesha Ulaya. Vema, twende nao.

Kabla ya 1840, katika Uingereza, bei ya barua ilipimwa kwa maili na kwa idadi ya karatasi, na kwa kawaida aliyelipa alikuwa mpokeaji. Maskini akiletewa barua kutoka mbali aliitazama mkononi mwa tarishi, akairudisha, kwa kuwa hana fedha. Wengine walijifunza hila. Walitia alama juu ya bahasha; ndugu akaiona alama, akajua kwamba mwenzake yu hai, kisha akakataa kulipa. Posta ikawa imebeba mzigo nchi nzima na haikupata hata senti.

Mwaka 1837 bwana mmoja, Rowland Hill, alitoa kijitabu. Alikuwa amefanya hesabu, akaona kwamba kuisafirisha barua moja kutoka London mpaka Edinburgh kulikula sehemu ndogo sana ya peni moja. Umbali haukuwa ndio uliokula fedha. Fedha ililiwa na kupima, kuandika vitabu, na kudai malipo kila mlango. Akashauri bei iwe moja nchi nzima, nayo ilipwe mbele. Tarehe 10 Januari 1840 bei ya peni moja ikaanza, na mwezi Mei mwaka ule ule ikatoka stempu ya kwanza ya kubandika. Barua zilizokuwa milioni 76 hivi mwaka 1839 zikawa milioni 169 hivi mwaka 1840.

Msomaji atazame hapa vizuri. Mapato ya Posta ya Uingereza yalishuka baada ya mabadiliko yale, na faida yake ilichukua miaka mingi kurudi pale ilipokuwa. Je, Waingereza waliifuta bei moja kwa ajili ya hasara ile? Hawakuifuta. Waliona kwamba taifa ambalo mfanyakazi wake aweza kumwandikia mzazi wake limepata faida isiyoandikwa katika vitabu vya Posta.

Basi anayetuambia leo kwamba wa mbali alipe zaidi asijiite mtu wa maendeleo. Anaturudisha nyuma ya 1840.

BEI JUU, KAZI CHINI

Sasa tuitazame Uingereza ya siku hizi. Barua zake, zilizokuwa bilioni 20 kwa mwaka kiasi cha miaka 20 iliyopita, zimekuwa chini ya bilioni 7. Mwaka 2013 Serikali yao iliuza hisa za Royal Mail sokoni. Wakati huo stempu ya daraja la kwanza ilikuwa peni 60. Mwezi Aprili 2025 ilifika pauni 1 na peni 70. Tangu tarehe 28 Julai 2025 barua za daraja la pili zikaruhusiwa kupelekwa siku moja na kuachwa siku nyingine. Na mwezi Oktoba 2025 msimamizi wa huduma hizo aliitoza kampuni faini ya pauni milioni 21, maana katika kila barua 100 za daraja la kwanza, zilizofika kwa wakati zilikuwa 77, na iliyotakiwa ni 93.

Twataka kusema haki. Kupunguza siku za kupeleka si dhambi. Barua zikiwa chache, tarishi aweza kupita siku tatu badala ya sita, na mtu asife. Lakini mwananchi alipandishiwa bei, kisha akapunguziwa kazi, yote mawili kwa pamoja. Hilo si badiliko la kubana gharama; ni kumtoza mtu nauli ya gari la moshi kisha kumwambia atembee. Hata hivyo, katika nchi hiyo hiyo bei bado ni moja. Mtu wa kisiwa cha mbali cha Uskoti hubandika stempu ile ile abandikayo mtu wa London. Jambo hilo hawajathubutu kulifuta.

Waliothubutu ni Denmark. Kazi ya Posta katika nchi ile ilianza mwaka 1624, chini ya mfalme wao. Mwaka 2000 walipeleka barua kiasi cha bilioni 1.4, mwaka 2024 zilikuwa milioni 110 tu. Sheria mpya iliyoanza tarehe 1 Januari 2024 ililiondolea shirika lao, PostNord, wajibu wa kumhudumia kila mtu, na stempu ikaingizwa katika kodi. Barua moja ya kawaida ikafika kroner 29. Kila bei ilipopanda waandishi walipungua, na kila walipopungua bei ilipanda tena, kama mtu anayekunywa maji ya bahari ili kukata kiu. Tarehe 30 Desemba 2025 PostNord walipeleka barua yao ya mwisho. Sasa anayetaka kutuma barua aende kwa kampuni binafsi.

Wenzetu hutupigia mfano huo kwa furaha: "Tazameni, hata Denmark wameacha!" Nasi twawauliza: Denmark ni nchi ya namna gani? Ni nchi tambarare, tajiri, ambayo ingeingia ndani ya Tanzania mara zaidi ya 20. Tangu 2014 barua za Serikali yao humfikia raia kwa mtandao, na wazee wasioweza wameachiwa njia ya karatasi. Mtu wa namna hiyo akivua koti, ni kwa kuwa nyumba yake ina moto. Wewe unayelala nje ukivua lako kwa kumuiga, utakufa kwa baridi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Na kama ni mfano wa tajiri tunaoutaka, basi tutazame Marekani. Huko stempu ilikuwa senti 55 mwaka 2019, na mwezi Julai 2025 ikafika senti 78. Imepanda, ndiyo. Lakini katika jimbo la Arizona, chini ya bonde kubwa la Grand Canyon, kipo kijiji cha Wahindi Wekundu wa kabila la Havasupai kiitwacho Supai, nacho hakina barabara ya kufikia. Barua na vifurushi vyao hushuka bondeni juu ya migongo ya nyumbu. Na stempu ni ile ile. Nchi yenye ndege na vyombo vya kwenda mwezini haikuona haya kumtia nyumbu katika kazi ya Posta, kwa sababu raia wa Supai ni raia.

HASARA ILIYOTENGENEZWA

Marekani yatufundisha jambo la pili. Mwaka 2006 Bunge lao lilitunga sheria ya kuilazimisha Posta iweke akiba mapema ya matibabu ya wastaafu wake, kiasi cha dola bilioni 5 na nusu kila mwaka kwa miaka kumi. Idara nyingine za Serikali hazikubebeshwa mzigo kama ule. Kisha watu wakaanza kupiga kelele: Posta ina hasara! Mwaka 2022 sheria nyingine ikauondoa mzigo huo. Hatusemi kwamba hasara yote ilitoka hapo, maana Posta yao ingali na madeni. Twasema tu kwamba mtu akikuonyesha hasara, muulize kwanza nani aliitia katika kitabu.

Na sisi tujiulize swali hilo hilo. Katika siku za Wajerumani mifuko ya barua ilikwenda bara kwa miguu ya Waafrika, nayo ilikuwa barua za maboma, za wafanyabiashara na za misheni. Mwingereza naye aliziunganisha Posta za Kenya, Uganda na Tanganyika, akatoa stempu zenye majina ya nchi tatu na kichwa cha mfalme wake. Tarehe 9 Desemba 1961 tulipata uhuru, na siku hiyo stempu za Tanganyika huru zikatoka. Hapo ndipo Posta ilipokuwa yetu, na shabaha yake ikawa mwananchi.

Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, tulianzisha Shirika letu la Posta na Simu. Jina lenyewe lasema: Posta na Simu. Barua na simu zilikaa chini ya paa moja na kula kutoka chungu kimoja. Mtoto mwenye nguvu alimsaidia mdogo wake. Kisha, kwa sheria ya 1993, ndugu hao wakatenganishwa, na tarehe 1 Januari 1994 Shirika la Posta likaanza kujitegemea. Simu ikaenda zake, na baadaye fedha yote kubwa ya mawasiliano ikaenda na simu. Benki ya Posta nayo ilikwisha tengwa kwa sheria ya 1991, na mwaka 2021 hata jina la Posta likaondoka juu ya mlango wake.

Huenda palikuwa na sababu njema za kila hatua. Hatumlaumu mtu. Lakini ukiisha kumwondolea mtu shamba la mbele na shamba la nyuma, ukamwachia kipande cha mawe tu, ni haki kweli kusimama barabarani na kumcheka kwamba hana mavuno?

"KILA MTU ANA SIMU"

Watatuambia: kila mtu ana simu. Twakubali kwamba simu imeenea, nayo ni neema. Lakini hati ya shamba yenye muhuri haipiti ndani ya simu. Cheti cha mtoto hakipiti. Dawa haipiti, kitabu cha shule hakipiti, miwani ya mzee haipiti, wala kipuli cha mashine ya kusaga hakipiti. Na ajabu ni kwamba simu yenyewe imeongeza vifurushi: mtu huagiza kitu kwa kidole, lakini hakuna kidole kinachoweza kukileta nyumbani.

Watatuambia tena: vifurushi huchukuliwa na mabasi. Kweli, na sisi huwapa makondakta vifurushi vyetu, tukaandika jina na namba ya simu kwa kalamu nzito. Lakini basi huenda penye abiria. Bei ni mapatano, na anayejua kusema hulipa kidogo kuliko mama mzee asiyejua. Likifika stendi limefika. Wa kijiji cha mbele atajijua. Kampuni binafsi za vifurushi nazo hufanya kazi nzuri mijini, wala hatuzilaumu, maana zimeundwa kutafuta faida. Lami inapokwisha, nazo hugeuza gari. Nani atakayekwenda mbele ya hapo, kama si chombo cha taifa?

Wala tusidanganyane kwamba mwanakijiji anahudumiwa sana hata sasa. Tangu mkoloni, barua yetu haiji mlangoni. Huenda kwenye sanduku, na sanduku hukodiwa. Wengi wetu tumesomeshwa kwa barua zilizopitia S.L.P. ya shule, ya zahanati, ya parokia au ya chama cha ushirika. Mwananchi wa mbali amekwisha kuibebea Posta nusu ya kazi yake: yeye ndiye tarishi wa kutoka mjini mpaka kwake, kwa miguu yake na kwa nauli yake. Anayemwambia leo aongeze tena anamtoza mara mbili.

Na yapo mambo ya kutia moyo. Mwaka 2022, kabla ya sensa, taifa lilifanya kazi kubwa ya anwani za makazi. Njia zikapewa majina, nyumba zikapewa namba, vibao vikasimama hata mahali ambapo hapajawahi kuonekana kibao. Tuliifanya kazi hiyo kwa fedha ya umma. Sasa nyumba ina namba, lakini nani atabisha hodi? Kuandika namba milangoni mwaka 2022 kisha kumwondoa tarishi ni kujenga kisima na kuuza kamba.

TUNAYOYATAKA

Hatupendi kuwa watu wa kulalamika tu. Haya ndiyo tunayoyataka.

Bei ya barua na kifurushi kidogo iwe moja nchi nzima, awe mtu wa Kariakoo au wa Namtumbo. Ikiwa lazima ipande, ipande kwa wote sawasawa, na umma uelezwe sababu kabla, wala si baada.

Gharama ya njia za mbali ihesabiwe wazi na itangazwe. Isifichwe ndani ya neno "hasara". Kupeleka barua Ukerewe au Mafia si hasara, kama vile kumlipa mwalimu wa Ukerewe au Mafia si hasara. Ni matumizi ya taifa. Nchi yetu inao Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya 2006, kwa kuwa tulikubali kwamba kampuni ya simu haitajenga mnara mahali pasipo faida ila isaidiwe. Shabaha hiyo twaiunga mkono. Basi kama mnara wa mbali una haki ya kusaidiwa, mfuko wa barua wa mbali umekosa nini?

Njia za kufanya kazi zibadilike, na zibadilike upesi. Ofisi isiyoweza kukaa peke yake na ikae pamoja na huduma nyingine za Serikali, ili mwananchi amalize mambo yake chini ya paa moja. Mahali pasipo na ofisi, mwenye duka anayeaminika awe wakala. Gari kubwa lisilojaa libadilishwe kwa pikipiki. Siku sita ziwe tatu, kama barua ni chache, lakini siku tatu hizo ziwe za kweli: Jumatatu ikisemwa, iwe Jumatatu.

Na hapa tuna neno kwa ndugu zetu wafanyakazi wa Posta. Tunawatetea, lakini hatutatetea uvivu. Mwananchi aliyesafiri asubuhi kuchukua kifurushi, akaambiwa arudi kesho kwa sababu mwenye ufunguo hayupo, amepata hoja ya kuifunga Posta kutoka mikononi mwenu ninyi wenyewe. Adui wa Posta hana haja ya kutunga sheria, mradi kaunta imlinde yeye kwa uzembe. Fanyeni kazi ili sisi tupate la kusema.

Arusha ndiko yaliko makao ya Umoja wa Posta wa Afrika, ulioanzishwa mwaka 1980, na jengo lake jipya refu lilifunguliwa mwezi Septemba 2023. Wageni wa bara zima huja huko kuzungumza juu ya Posta. Itakuwa aibu kubwa waje kuzungumza juu ya Posta katika nchi iliyowaacha watu wake wa mbali bila Posta.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Barua za salamu zimepungua. Basi koleo hilo limevunjika. Lakini uhunzi wa kumfikia kila raia kwa bei moja bado upo, na moto wake haujazimika. Tawi lolote litakalosikia kwamba ofisi yake ya Posta yatakiwa kufungwa lisingoje mpaka kufuli limetiwa. Liite mkutano, limwite diwani, limwite mbunge, liwaulize swali moja tu: hesabu mliyoifanya, je, na sisi mlituhesabu?